Kinorwe cha Mwalimu Tveiten

Mwalimu Selmer Tveiten alitufundisha historia, jiografia na kuimba, na ungemwuliza yeye, angekuambia hayo matatu ni somo moja, nalo linaitwa Norwe. Mwenyewe hajawahi kutia mguu huko. Alizaliwa shambani, kaskazini kidogo ya mji wetu wa Fagerhaug, hapa hapa Dakota, Marekani, katika nyumba ya mbao ambayo upepo uliingia na kutoka kama mpangaji. Mama yake alimwacha angali mchanga, akalelewa na bibi yake mzaa baba, mwanamke aliyevuka bahari akiwa msichana, na ambaye mpaka anaingia kaburini Kiingereza chake kilitosha kumfukuzia mbwa tu.

Kwa hiyo Selmer alianza shule hajui neno la Kiingereza. Alichapwa kwa hilo. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha ya bibi yake, mwalimu akajifanya hakusikia, mtoto akajikojolea mbele ya wenzake, akachapwa tena kwa kujikojolea. Kisa hiki alitusimulia mara moja tu, na hakucheka. Mwingine angeionea haya lugha iliyomponza namna ile. Yeye aliishikilia, kama mtu anavyoshikilia kofia yake upepo wa Machi ukivuma.

Mimi ni Marlys. Nilisoma kwake, nikaja kuwa mpishi wa shule ile ile, na shule ilipofungwa nikaajiriwa kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee ya kanisa letu. Ndiyo maana nilimwona katika ubora wake, na nikamwona alivyoishia.

Alikuwa mrefu, mwenye masikio mekundu na sauti ya kuita ng'ombe toka ng'ambo ya bonde. Mwaka mzima alivaa sweta la kijivu lenye vifungo vya fedha, alilofumiwa na mkewe, Ardis. Darasani hakukuacha ukalala.

"Wewe Duane," alimwambia kaka yangu siku moja, "babu wa babu yako alitokea wapi?"

"Norwe, Mwalimu."

"Norwe sehemu gani? Norwe si kichochoro."

"Sijui, Mwalimu."

"Hujui! Ng'ombe wa baba yako ana cheti. Anamjua mama yake, anamjua bibi yake mpaka shangazi zake. Yaani unazidiwa ukoo na ng'ombe?"

Darasa likavunjika mbavu, Duane naye akacheka huku amekuwa mwekundu kama pilipili. Jioni ile hakumwacha bibi yetu apumzike mpaka akataja bonde, akataja na jina la shamba. Basi kwa utani wa namna hiyo, sote tulijua tulikotoka, hata wale ambao baba zao walikuwa hawajali.

Kila tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya Norwe, alitutembeza barabara kuu tukiwa na bendera za karatasi, tukiimba, mara nyingine theluji chafu ingali mitaroni. Mlangoni mwa chumba cha tanuri la kupasha shule joto alisimama Verner Lindquist, mfagiaji, ambaye damu yake ni ya Uswidi. Waswidi ni watani wetu tangu enzi. Verner aliinua ufagio kama bunduki, akatupigia saluti.

"Mwalimu, nasikia huko kwenu mawe ni mengi kuliko watu."

"Kweli kabisa. Na jiwe la mwisho kwa akili linamshinda Mswidi."

"Sasa kama kuzuri hivyo, mlikimbia nini?"

"Tuliwapisha mbuzi. Walilalamika wamebanana."

Maandamano yakiisha, utawakuta wawili hao kando ya tanuri wanakunywa kahawa na kula lefse za Ardis, zile chapati nyembamba za viazi, zimepakwa siagi na sukari, Verner akilalamika kwamba ni ngumu kama viatu huku akichukua nyingine.

Lakini hatukumpenda kwa sababu ya bendera. Baba yetu alipindukiwa na trekta kwenye mtaro wakati wa mavuno, akafa pale pale. Duane alikuwa bado mwanafunzi, mimi mdogo wake, na mama alikuwa amekaa jikoni akiangalia ukuta. Asubuhi ya pili baada ya maziko, giza halijatoka, tuliona taa za gari. Mwalimu Tveiten aliingia zizini hajabisha hodi, akavuta kigoda, akaanza kukamua. Hakutupa pole wala hotuba. Aliongea na ng'ombe kwa Kinorwe, sauti ya chini, nao wakatoa maziwa. Alikuja kila asubuhi mpaka Duane alipomaliza shule, kisha anakwenda kuoga maji ya baridi kwenye bafu la wachezaji na kutufundisha. Siku ambayo Duane alijaribu kumshukuru, alimwambia, "Nyamaza wewe, kamua."

Niliposhika jiko la shule, aliletwa kwetu binti kutoka Norwe yenyewe, kuja kusoma mwaka mmoja. Aliitwa Ingvild. Mwalimu alihangaika kama bwana harusi. Aliosha gari, akachana nywele kwa maji, akafanya mazoezi ya salamu mbele ya Ardis mpaka Ardis akamwambia, "Selmer, ukiendelea hivi nitadhani unaoa upya mimi ningali hai."

Tulikwenda kumpokea kituo cha mabasi. Binti alishuka na begi lake, na Mwalimu akavua kofia, akatoa salamu ndefu kwa lugha ya bibi yake, ya kumkaribisha mgeni toka nyumbani. Ingvild alimtazama, akafunga mdomo kwa kiganja, akacheka. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa mtoto tu, tena amechoka.

"Samahani, Mwalimu," alisema kwa Kiingereza. "Unaongea kama watu waliokufa. Nyanya wa mama yangu ndiye aliyesema hivyo."

"Basi alikuwa mtu mwenye lugha safi," Mwalimu akajibu, nasi tukacheka.

Wiki chache baadaye kanisa liliandaa karamu ya samaki wetu, yule mkavu anayelowekwa magadi mpaka anakuwa kama ute. Watu walimwuliza Ingvild kwao wanampika vipi. "Kwetu hatumli kwa kweli," alisema. "Labda bibi, Krismasi. Sisi tunakula piza." Ukumbi ulipiga makofi kwa kicheko. Mwalimu alicheka pia, lakini nilikuwa nagawa viazi nyuma yake, nikamwona ameweka uma chini. Kisha akamwuliza kuhusu bonde la bibi yake. Alilitaja jina kwa utaratibu, kama mtu anayefungua kitambaa.

"Aa, nimepita huko na gari," alisema Ingvild. "Siku hizi kuna handaki. Unapita chini ya mlima, bonde lenyewe hulioni."

"Handaki," akasema Mwalimu.

"Refu sana. Lina taa za buluu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akamsogezea siagi.

Safari ya Norwe alikuwa akiizungumzia tangu tuko wadogo. Akistaafu, yeye na Ardis wangekwenda, wakaone shamba, wakaokote jiwe. Alistaafu. Kiangazi kikapita, na kingine. Siku moja Verner alimwuliza mbele yangu, na safari hii hakuwa anatania.

"Mwalimu, nenda ukaone. Unangoja nini?"

Mwalimu aligeuzageuza kikombe chake. "Hapa mimi ni Mnorwe, Verner. Nikifika kule nitakuwa Mmarekani."

Mwaka uliofuata Ardis akapata saratani ya tumbo, ikamla haraka, na habari ya safari haikutajwa tena.

Mji nao ulikuwa unaisha. Mashamba madogo yalimezwa na makubwa, na shamba moja kubwa halihitaji familia, linahitaji mtu mmoja na mashine. Duka la nguo lilifungwa, likafuata la dawa. Treni ikaacha kusimama. Darasa la kwanza lote lingekaa kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Ndipo bodi ya shule ikaita mkutano kwenye ukumbi wa mpira, kuamua kama watoto waliosalia wapelekwe kwa basi mji wa wilaya. Mwenyekiti wa bodi alikuwa kaka yangu Duane.

Mwalimu Tveiten alikuja na sweta lake. Aliposimama, watu wazima wenye wajukuu walikaa vizuri kwenye viti kwa mazoea.

"Shule hii ilijengwa na watu ambao walikuwa bado wanaishi kwenye vibanda vya udongo," alisema. "Waliijenga kabla hawajajijengea nyumba. Ninyi mna nyumba."

Duane alikohoa.

"Mwalimu, tunakuheshimu. Unajua tunavyokuheshimu. Lakini watoto hawapo."

"Watoto wapo."

"Wako wapi, Mwalimu?"

Aligeuka kutazama ukumbi. Nami nikageuka. Zilikuwa mvi tupu, vipara, fimbo za kutembelea zimeegemezwa kwenye viti. Mtoto aliyekuwamo alikuwa mmoja, amelala begani kwa mama yake, na huyo mama alikuwa amekuja kutembea tu kutoka jiji la Fargo. Mwalimu akakaa.

Duane aliita kura. Mikono iliinuka, wa kwake ukiwamo. Nami niliinua wangu, maana ilikuwa kweli: watoto hawakuwapo.

Nje, Duane alimfuata kwenye maegesho. Jitu zima, limeshika kofia mikononi.

"Mwalimu, nisamehe. Hesabu zimekataa."

"Hesabu sikukufundisha mimi," akasema Mwalimu, akaingia kwenye gari lake. Hakuwa na hasira. Nadhani ingekuwa nafuu kwa Duane kama angekuwa nayo. Tangu siku ile hawakusalimiana zaidi ya kuinuliana kidole toka kwenye usukani barabarani, kama madereva wasiojuana.

Jengo la shule liliuzwa kwa mtu wa mbali aliyetaka matofali. Alitoa ya ukuta mmoja, akaona hayamlipi, akaondoka. Baridi ya mwaka ule paa la ukumbi liliporomoka kwa uzito wa theluji. Tarehe kumi na saba Mei iliyofuata Mwalimu alitembea barabara kuu peke yake na bendera ya karatasi. Verner alitoka kumpigia saluti na ufagio wa nyumbani kwake, lakini alipomwona uso aliushusha ufagio, akatembea naye mpaka mwisho wa barabara. Hawakuimba.

Mtu wa posta ndiye aliyemkuta ameanguka uani, kiharusi kimempata. Alikaa hospitali ya mbali majuma kadhaa, kisha wakamleta kwetu, nyumba ya wazee. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa. Sauti ilikuwa imerudi, tena ile ile ya kuita ng'ombe. Ila Kiingereza kilikuwa kimeondoka chote. Daktari alituambia hutokea, kwamba lugha iliyotangulia kuingia mara nyingine ndiyo inayobaki. Alilisema kana kwamba ni jambo la kupendeza.

Siku ya kwanza nilimletea uji na kahawa. Aliongea nami kwa heshima, neno moja baada ya jingine, akingoja. Sisi sote pale, wahudumu na wagonjwa, tulikuwa wajukuu na vitukuu wa Norwe. Sote yeye ndiye aliyetufundisha. Na sote kwa pamoja tulijua sala ya chakula, kuhesabu mpaka kumi, majina ya vyakula, na asante. Bi Borghild, wa mwisho mjini aliyeweza kuongea, tulikuwa tumemzika msimu uliopita.

Kwa hiyo nilimwambia asante kwa Kinorwe.

Uso wake uliwaka. Alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akamimina maneno kama mtu aliyekuwa kifungoni peke yake, maneno marefu, yanapanda na kushuka, na mwishoni yakaishia kwa swali. Alikuwa ananitazama machoni akingoja jibu.

Nikasema tena, asante.

Akaniangalia. Aliachia mkono wangu polepole, akageukia ukutani.

Verner alikuja, amevaa shati la kanisani. Akavuta kiti. "Mwalimu, nimesikia Wanorwe wamegundua dawa ya kiharusi. Tatizo wameisahau walikoiweka." Mwalimu alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea mlango. Verner akajaribu utani mwingine, ule wa mawe. Akajaribu wa mbuzi. Kisha akatoka hadi kwangu ukumbini, amekunja kofia.

"Afadhali angenitukana, Marlys," alisema. "Miaka yote ile. Afadhali angenitukana."

"Atapata nafuu, Mzee Verner."

"Usinidanganye, binti. Mimi nimefagia shule, nakijua kinachofagika na kisichofagika."

Ndipo nikamkumbuka Ingvild. Tulikuwa bado tunatumiana kadi za Krismasi; alikuwa sasa mama wa watu wazima, mwenye duka la dawa kwao. Nilimpigia, nikafungua spika, nikaweka simu juu ya blanketi. Alimsalimu. Mwalimu akakunja uso, haelewi vizuri. Ingvild akaanza upya, sasa anaongea kwa kujikwaa, na nikajua anajaribu kuongea kama nyanya wa mama yake.

Mwalimu akajibu. Akaongea muda mrefu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Sipati yote," akasema Ingvild. "Anamwita bibi yake. Anasema nyumba imejaa watu, wanafungua midomo na kufunga, lakini hakuna anayesema kitu. Anauliza, mbona mmenyamaza?"

"Mwambie sisi ni wanafunzi wake. Mwambie yuko Fagerhaug, kwetu, na tunampenda."

Ingvild alimwambia. Mwalimu alisikiliza huku akitikisa kichwa kukataa. Akasema maneno machache, sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Ingvild? Amesemaje?"

"Anasema hana wanafunzi. Anasema bado hajaanza shule." Alivuta pumzi. "Anamwomba bibi yake asimpeleke. Anasema huko wanachapa."

Nilimfunika mabega. Sikuwa na lugha ya kumwambia hakuna atakayemchapa.

Ingvild alipiga simu kila Jumapili, na Jumapili zile Mwalimu alikula vizuri. Lakini baridi ilipoingia, akili nayo ilizidi kwenda. Sauti ikitoka kwenye simu, aliinua blanketi kumtafuta mwenye sauti, akatazama nyuma ya kiti, asimpate, akalia. Ikabidi nimwombe Ingvild aache. Alisema ameelewa, na nikamsikia naye analia.

Duane alikuja mara moja, tukiwa tumeshajua hazijabaki siku nyingi. Alikaa kando ya kitanda na koti lake mwilini. "Mwalimu, ni Duane," alisema. Akalitaja lile bonde letu, akalitaja shamba, kama alivyojibu darasani akiwa mtoto. Mwalimu hakugeuka. Duane aliyarudia mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kisha akanyanyuka.

Mwalimu alifariki Januari. Kwetu Januari udongo ni chuma, hauchimbiki, kwa hiyo jeneza lilikaa kwenye chumba cha makaburini likingoja ardhi ilainike. Tulimzika mwezi wa Mei, karibu na Ardis, upepo ukipeperusha tai za wanaume. Verner hakuwapo, alikuwa amekwisha kufa Machi, naye aliwekwa chumba kile kile.

Mchungaji ni mgeni, kijana kutoka Ohio anayehudumia makanisa manne. Aliuliza kama kuna mtu wa kusema sala kwa lugha ya marehemu. Tulitazamana. Mwishowe tukaanza ule wimbo aliotufundisha, wa kuaga, tuliokuwa tukiuimba kila mwisho wa mwaka. Ubeti wa kwanza tuliumudu, ingawa hakuna aliyejua maneno yana maana gani; tulikuwa tunajua sauti tu. Ubeti wa pili mmoja alianza, mwingine akakosea, wengine tukawa tunafungua midomo na kufunga. Ukafa katikati. Mchungaji akangoja, alipoona hakuna kitu akasema amina, na tukaenda kunywa kahawa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa.

Kanisa lenyewe sasa linafunguliwa mara moja kwa mwezi. Nyumba ya wazee ilifungwa mwaka jana, wagonjwa wakagawanywa miji mitatu. Duane ameuza shamba, yuko Arizona kwa ajili ya mapafu yake, na akipiga simu tunazungumza hali ya hewa. Mimi nahamia Fargo kwa binti yangu wiki ijayo. Wajukuu niliwahi kuwafundisha kuhesabu mpaka kumi kwa Kinorwe, wakacheka, wakasahau. Nyumba nilijaribu kuiuza, hakuna aliyekuja hata kuitazama. Nimefunga maji yasije yakagandia kwenye mabomba, nimetoa chakula kwenye friji, na ufunguo nitauacha mlangoni.